Baraza la Mzee wa Safu: Simu, Kibubu na Mbuzi wa Pongwe

Barua za mwezi huu zimenijia kwa wingi usio wa kawaida, na zote, isipokuwa moja ya bwana anayeuliza kama ni halali kumnunia jirani siku ya Idi, zahusu jambo moja: namna ya kuchuma fedha, au kuziweka zisipotee, kwa simu ya kiganjani. Mimi niliyeanza kazi ya ukarani zama ambazo simu ya ofisi ilitiwa kufuli ili watumishi wasiipige kwa siri, sikudhani kama nitaishi hata niulizwe habari hizi. Walakini mhariri anasema wasomaji wameniamini, nami sina la kufanya ila kujibu. Waandishi nimewasitiri kwa majina ya kupanga, maana baadhi yao wana wakwe.

*Mwenye Mkwe, wa Temeke, anaandika:*

"Shikamoo mzee. Rafiki yangu alinionyesha programu inayolipa watu kwa kutazama vijifilamu na kubonyeza alama ya moyo. Unatoa kiingilio cha shilingi 50,000, kisha kila siku unaingiziwa 2,000. Siku kumi za mwanzo nilikwenda kwa wakala nikatoa fedha taslimu, hazina walakini. Basi nikawaingiza ndugu zangu kumi, na wa kumi na moja ni mama mkwe, ambaye aliuza cherehani yake. Ijumaa iliyopita programu haikufunguka, na msimamizi wa kundi letu la WhatsApp hapatikani. Fedha zitarudije, na mkwe nimwambie nini?"

Marahaba, mwanangu. Kabla sijalifikia la mkwe, ambalo ndilo zito, natufanye hesabu ambayo ingalifaa ifanywe siku ile ya kiingilio. Siku kumi kwa 2,000 ni 20,000; yaani ulirejeshewa 20,000 katika 50,000 zako mwenyewe, ukaziita mshahara. Wala hukujiuliza ni tajiri gani huyo, asiye na duka wala shamba, amlipaye mtu kwa kukaa kitako na kutazama. Huko YouTube, yule mwenye kuhangaika kutengeneza filamu ndefu, akaipiga picha na kuikatakata usiku kucha, hagawiwi senti ya matangazo mpaka apate wafuasi 1,000 na watu wamtazame saa 4,000 katika muda wa miezi 12. Sasa ikiwa mpishi hali hiyo ndiyo hali yake, wewe mlaji walipwa kwa kazi gani?

Kazi yako, mwanangu, ilikuwa ni mkwe. Kiingilio chake ndicho kilicholipa siku zako, na kiingilio cha jirani yake ndicho ambacho kingalilipa zake, lau jirani angalikuwa na cherehani. Hila hii ni kongwe kuliko simu. Mwaka 1920 mjini Boston, Marekani, bwana mmoja Mtaliani aitwaye Charles Ponzi aliwaahidi watu faida ya nusu ya fedha zao katika siku 45, akidai kuwa anafanya biashara ya kuponi za posta, na kumbe aliyetangulia analipwa kwa fedha za aliyefuata. Hata walipokwisha wa kufuata, ikaisha na biashara. Nasi hatuhitaji kwenda Boston: wenye umri wa kukumbuka wanaikumbuka DECI, upatu wa hapa Tanzania, ambamo watu walipanda "mbegu" wakingoja kuvuna, hata serikali ilipoingia kati mwaka 2009 wengi walikuwa bado wako shambani na mavuno hayaonekani. Tofauti ni kwamba wakati ule mtu alipanga foleni juani kwenda kudhulumiwa, na leo anadhulumiwa akiwa amejilaza kitandani.

Fedha, basi, usizitumainie sana. Nenda polisi na jumbe zote za miamala, usifute hata mmoja. Na akitokea mtu wa kukwambia kuwa akaunti yako itafunguliwa ukilipa "ada ya kufungulia" kidogo tu, ujue huyo ni yule yule, amebadilisha kofia. Ama mkwe, usimpigie simu wala usimtumie ujumbe, kwani simu imekwisha kukuharibia jina mbele yake. Nenda kwa miguu yako, jioni baada ya Alasiri, ukae chini mkekani na si kitini, useme "nimekosa" kabla hajasema yeye, kisha umtajie siku utakayomletea cherehani. Nimesema cherehani, sikusema maelezo.

*Mfugaji, wa Pongwe, Tanga:*

"Mzee, kuna programu inayolipa kwa kuhesabu hatua. Mimi ni mvivu wa kutembea, kwa hiyo nilimfungia mbuzi simu shingoni. Siku ya kwanza alihesabu hatua nyingi mno, lakini malipo yanakuja kwa njia ya punguzo la bei katika maduka ya Ulaya. Je, hii ni haki?"

Haki ipo, ila ni ya mbuzi. Yeye ndiye aliyetembea, na yeye ndiye asiyehitaji viatu vya Ulaya kwa punguzo. Ushauri wangu ni umfungue simu hiyo kabla ya machweo, kwa sababu mbuzi peke yake huvutia mwizi mmoja, na mbuzi mwenye simu huvutia wawili.

*Mpika Vitumbua, wa Ng'ambo, Unguja:*

"Assalaam alaykum. Sina taabu kubwa. Kila jioni napiga picha vitumbua vyangu naweka kwenye WhatsApp, na asubuhi nakuta watu wameagiza. Nimeongeza ratili mbili za mchele kwa siku. Taabu ni wale wanaosema 'nitakutumia kesho'."

Waalaykumu ssalaam, binti yangu. Katika rundo zima la barua hizi, ya kwako ndiyo pekee ambamo simu imeleta fedha ambazo hazikuwamo nyumbani, na sababu yake ni nyepesi: una kitumbua. Picha haikuwa biashara. Picha ilikuwa ni kule kunadi ambako bibi zetu walikufanya kwa sauti vichochoroni wakiwa na sinia kichwani. Mtu wa kesho mpe vitumbua kesho. Na ukipiga picha, sogeza ule mkono wa mtoto pembeni. Nimeuona katika picha uliyoniletea, na kitumbua kimoja kimeng'atwa.

*Mkaushwa Damu, wa Mbagala:*

"Nilikopa kwenye programu shilingi 50,000. Zikaniingia 36,000, wakasema nyingine ni ada. Siku ya saba nadaiwa 54,000. Niliposhindwa, wakawaandikia watu wote waliomo katika simu yangu kwamba mimi ni tapeli, na miongoni mwao yumo mwalimu mkuu wa skuli ya wanangu na fundi bomba ambaye hata sijui kwa nini namba yake ninayo."

Pole sana, mama. Wewe nakujibu bila mzaha, ijapokuwa safu hii ni ya mzaha. Tazama hesabu: mkononi ulitia 36,000, na wanataka 54,000, ziada ni 18,000, nayo ni nusu kamili ya ulichopokea. Ponzi aliahidi kuwapa watu nusu katika siku 45 na akaishia kifungoni, maana haiwezekani. Hawa wanachukua nusu katika siku saba, tena kwa mtu mwenye shida, na wanaona ni jambo jepesi. Watu wa Dar es Salaam wameupa mkopo wa namna hii jina la kausha damu, na mimi sina jina bora la kuongeza.

Wengi wa wakopeshaji hawa hawana leseni. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu 69 zilizokuwa zikikopesha kidijitali bila idhini. Itafute orodha hiyo umtazame mdai wako. Jirani zetu wa Kenya walitunga kanuni mwaka 2022 zinazomkataza mkopeshaji kuwasumbua watu waliomo katika simu ya mdaiwa. Nawe ulipoisimika programu, palitokea swali kama waruhusu isome orodha ya majina yako, ukabonyeza "ruhusu", kama tulivyobonyeza sote, kwa sababu watoto walikuwa na njaa na maandishi yalikuwa madogo. Peleka jumbe za matusi polisi. Kwa mwalimu mkuu nenda mwenyewe umweleze. Yamkini utamkuta naye alikuwa akijiuliza atakwambiaje kwamba anadaiwa na programu hiyo hiyo. Fundi bomba mwache.

*Hazilali, wa Likoni, Mombasa:*

"Mzee, fedha nikiziweka kwenye simu hazilali. Asubuhi naweka 500, jioni zimekwisha, na sikumbuki nimenunua nini. Nirudie kibubu?"

Ndugu yangu, hapa umegusa jambo nililolifikiri kwa muda mrefu. Shangazi yangu, Mungu amrehemu, alikuwa na kibubu cha mti wa mwembe, kimepigwa misumari pande zote, chenye ufa mmoja juu usioingia kidole. Kutia fedha kulikuwa rahisi. Kutoa kulitaka patasi na nyundo, na nyundo ilikuwa kwa jirani. Kwa hiyo aliyetaka kula akiba yake alipaswa kwanza kwenda kuazima kwa mtu aliyejua ni ya kazi gani, kisha apige, na mtaa mzima usikie. Nilimwona shangazi mara moja amekaa na patasi mkononi, kibubu kati ya magoti yake, kwa muda wa kuiva chungu cha wali, kisha akairudisha nyundo bila kuitumia. Alikuwa ametamani kitambaa cha dukani kwa Mhindi. Kilichoilinda ile akiba si misumari, ni kishindo.

Simu haina kishindo. Tangu M-Pesa ianze kwenu Kenya mwaka 2007, ikafuatia kwetu mwaka 2008, fedha zimekuwa nyepesi kutuma, nalo hilo ni neema kubwa kwa mwenye mama kijijini. Lakini zimekuwa nyepesi pia kutoka, na mtu huweza kwenda kwa wakala yule yule chini ya mwavuli ule ule mara tatu kwa siku, akitoa elfu tatu tatu, na kila mara makato yakala chao, wala wakala asinyanyue uso. Zaidi ya hayo, mlango wa kuwekea na mlango wa kukopea umetiwa katika ukuta mmoja. M-Shwari, iliyoanza mwaka 2012, inakuwekea akiba na inakukopesha pia, kwa ada ya asilimia 7.5 ya mkopo wa siku 30: ukikopa 2,000 ni 150, na hizo si nyingi, ukikopa hizo hizo kila mwezi kwa mwaka mzima ni 1,800, na hapo umekwisha kuinunua karibu mara ya pili fedha ambayo hata si yako.

Kwa hiyo itafutie akiba yako kishindo. Kama simu ina namna ya kuifunga hadi tarehe fulani, ifunge. Kilicho bora zaidi ni kikoba, yaani kikundi cha kuweka akiba, chenye watu wanaokujua, ambacho zamani sanduku lake lilikuwa na kufuli tatu na funguo kwa watu watatu tofauti, kwani hilo ndilo lililofanana mno na nyundo ya jirani. Siku hizi vikundi vyaweka kwa simu, wala si vibaya, maadamu ukitaka kutoa ni lazima uombe, na katika kuomba yumo mama mmoja mnene wa kukuuliza mbele ya wenzako, "Za nini?"

*Barua ya mwisho haikuja kwa posta. Ilikuja katika simu yangu mwenyewe, usiku wa Jumanne:*

"Mimi mwenye nyumba wako. Ile kodi tuma kwenye namba hii, ile nyingine ina matatizo."

Bwana mpendwa, nimefurahi kukufahamu. Nyumba hii niliirithi kwa marehemu baba yangu, na kwa miaka yote hii nilidhani haina mwenyewe mwingine ila mimi, ndiyo maana gharama zake nimezibeba peke yangu. Maadamu umejitokeza, chumba cha uani kinavuja tangu masika, na mabati mawili ya upande wa kibla yameliwa na chumvi. Fundi anataka mapya yaje kabla ya vuli. Njia unaijua, kwa kuwa nyumba ni yako. Nami nitakuwa barazani.