Nani Alichomoa Waya?

Baba mkwe wangu tunamwita Papa Katodi. Alizeekea katika kiwanda cha shaba cha Shituru, mali ya kampuni ya Gécamines, kule Likasi, Kongo, na mpaka leo kila habari lazima airudishe kwenye shaba. Mwambie mvua imechelewa, atakueleza bei ya shaba ilivyoanguka 1975. Wewe uliyeoa unajua: mkwe akisema, unaitikia.

Jumapili hiyo tulikuwa na kesi nyingine kabisa. Mama Watoto alijaza frigo samaki wa ziwa Tshangalele wa kwenda kuuza Likasi, na usiku mtu akachomoa waya ili achaji simu. Asubuhi maji ya samaki yamefika chini ya kitanda changu. Tunaishi Mwadingusha, penye bwawa la umeme tangu 1930, mitambo yake sita imefanywa mipya, megawati 78, na samaki wanatuharibikia kwa kukosa umeme!

Tukakaa kikao. Mama Posho, yaani mama mkwe, akamshuku Profesa. (Jina hilo alilipata kwa kuililia posho ya kampuni: unga na nyama kwa kila familia, ukizaa unaongezewa, naye alizaa kwelikweli.) Profesa, shemeji yangu mwalimu wa historia, akawasingizia watoto. Kitinda mimba wetu, Turbini, akaninyooshea kidole mimi.

“Tusitafute mchawi mmoja,” Profesa akasema. “Hata Gécamines haikuuawa na mtu mmoja.”

Nani alimtuma? Papa Katodi akaliacha tonge la bukari. “Benki ya Dunia! Nani mwingine?” Ikafuata ile hadithi tunayoijua kwa moyo: mwaka 2003, mpango wa kuondoka kwa hiari, fedha za Benki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakatoka na bahasha. Yake ilinunua basi dogo kuukuu, ambalo kuku wanataga ndani yake hadi leo.

“Papa, benki ilikuta maiti,” Profesa akajibu. Akaanza na Rais Mobutu: kampuni kuwa ya serikali 1967, maduka ya wageni kugawiwa wazalendo baada ya hotuba ya Novemba 1973, mapato ya shaba kwenda Kinshasa bila kurudi. Mgodi wa Kamoto ukaporomoka 1990. Shaba ilikuwa inapita tani 400,000 kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980. Kufikia 1994 haikufika hata 50,000. Kisha akatupeleka Urusi kwenye mageuzi yao: waziri Gaidar kuziachia bei Januari 1992, mwenzake Chubais na vocha zake za kubinafsisha, akiba za wazee kuyeyuka, na Warusi bado wanabishana kama wakosaji ni hao wawili au Wasovyeti walioacha hazina tupu.

“Huyo Gaidar alikaa mtaa gani wa Likasi?” Papa Katodi akauliza.

Mama Posho naye: “Kwani kalamu ya kutia saini alishika nani?”

“Mishahara ilikuwa haiji, mama!” mzee akang'aka. “Hiari gani kwa mtu mwenye njaa?”

Hapo niko upande wa mzee, ingawa sikuthubutu kufungua mdomo. Profesa yuko sahihi kwamba kampuni ilifilisiwa na wakubwa wa Kinshasa zamani sana. Lakini waliokuja kuitengeneza walianza na kuwapunguza akina Papa Katodi, na hakuna mkubwa niliyemsikia akiishia kwenye basi la kuku.

Tulipokumbuka samaki, Mama Watoto alikuwa ameshawapanga wote juu ya moto wa makaa na kutangaza mageuzi yake: hasara inakatwa kwenye pesa yangu ya bia mpaka iishe. Kura haikupigwa. Mwenye kuchomoa waya hajapatikana, ingawa simu ya Mama Posho ilikuwa imejaa chaji tele.

Basi ndugu yangu, ukipita soko la Likasi ukaona samaki wa moshi wa bei ya chini, nunua wawili watatu, wala usiulize wametoka wapi.