Barua ya Wazi kwa Mshika Swichi

Kwa Mheshimiwa Mshika Swichi,
Popote ulipo,
Dar es Salaam.

YAH: OMBI LA KUREJESHEWA MGAO WA UMEME, ANGALAU KWA USIKU USIO NA MWEZI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mheshimiwa, uniwie radhi kukuita Mshika Swichi. Nilitaka kutumia cheo chako halisi, ila kila nilipokitafuta kilikuwa kimetoka kidogo. Nilipouliza manispaa ni nani mwenye taa za mtaa wetu, nilielekezwa kwa watu wa barabara. Watu wa barabara wakanituma kwa watu wa umeme. Watu wa umeme wakataka namba ya mita. Nikawaambia nguzo ile haina mita, wakasema basi si yao, nirudi manispaa. Nimeona nikuandikie hadharani, maana katika wasomaji wote hawa hakosekani mmoja anayejua swichi iko wapi.

Nianze na pongezi. Tangu Februari 2024, mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere ulipoanza kuingiza umeme kwenye gridi ya taifa, Mto Rufiji umefanya kazi kubwa. Mitambo 9, megawati 2,115, si mchezo. Saluni zinanyoa mpaka usiku, barafu inaganda, samaki wa jirani hawaozi tena. Mtaa mzima unashukuru. Mwenye msiba ni mimi peke yangu, na hapa Tabata msiba wa namna hii huusemi kwa sauti ukabaki na meno.

Mheshimiwa, nimenunua darubini.

Ni ya lenzi, si ya kioo cha kuakisi. Bomba jeupe, lenzi ya mbele ina kipenyo cha milimita 80, na urefu wake wa fokasi ni milimita 480, kwa hiyo wenyewe huiita f/6. Ofisa aliyeikagua ilipoingia nchini aliizunguka mara mbili kisha akaniuliza inarusha nini. Nikamjibu hairushi, inapokea tu. Jibu hilo halikumpendeza, lakini ushuru alipokea.

Nikueleze thamani yake, usije ukadhani nalilia kichezeo. Tatizo la darubini za lenzi tangu enzi za Galileo ni rangi. Kioo hukunja kila rangi kwa kiasi chake, hivyo nyekundu na bluu hazikutani mahali pamoja, na nyota angavu ikitazamwa huvaa pete ya zambarau ambayo Mungu hakuiumba nayo. Isaac Newton aliona lenzi hazina dawa, mwaka 1668 akajitengenezea darubini ya kioo cha kuakisi. Waliobaki na lenzi waliendelea kuhangaika hadi John Dollond wa London alipopata hataza mwaka 1758 kwa kuunganisha vioo viwili vya aina tofauti, kimoja kikirekebisha makosa ya mwenzake. Bomba langu lina lenzi tatu, na moja ni ya kioo maalumu kinachotawanya rangi kwa uchache mno. Nimeielekeza kwa Sirius, nyota angavu kuliko zote za usiku, nikatafuta ile zambarau kwa macho na kwa kamera. Haipo. Nyota ni nyeupe, ndogo, kali mpaka unataka kusogea nyuma.

Sifa nyingine nitazipitia haraka. Kitasa cha fokasi kina kasi mbili, na ile ya taratibu ni laini kiasi kwamba unaizungusha kwa kidole kimoja bila bomba kutikisika. Lenzi ya kunyoosha pembe, inayokaa milimita 55 mbele ya kihisi cha kamera, inafanya nyota za kona ya picha ziwe duara kama za katikati, jambo ambalo sikulitarajia kwa bei ile. Unyevu wa Pwani ndio adui: umande hushuka kwenye lenzi kabla hata isha haijatulia, na usipoifunga mkanda wa joto na kuihifadhi mchana kwenye sanduku lenye vifuko vya kunyonya maji, kuvu itaota ndani ya kioo na fundi wa kuitoa humpati Kariakoo.

Kitako chenye mota kinachoizungusha kufuata nyota kina vituko vyake, maana lazima kielekezwe kwenye ncha ya anga, ile ambayo nyota zote huonekana kuizunguka. Waliokiunda walikuwa wakiwafikiria Wazungu, ambao ncha ya anga iko juu vichwani mwao na nyota ya Polaris imekaa hapo hapo kuwaonyesha. Kwetu Dar es Salaam ncha ya kusini iko chini ya nyuzi 7 juu ya upeo wa macho. Nikikilaza kitako hadi huko, ule uzito wa kusawazisha unagonga mguu wa tripodi. Na alama tuliyopewa sisi wa kusini ni Sigma Octantis, nyota hafifu ambayo hata porini unaitafuta kwa tabu. Kwa paa langu, ncha hiyo inaangukia upande wa Kipawa, juu ya taa za uwanja wa ndege. Kwa hiyo unalenga kwa kubahatisha, unaitazama nyota moja inavyoteleza kwenye kioo cha kamera, unarekebisha, unaitazama tena. Haya yote nimeyapokea kwa moyo mkunjufu, maana hayakuletwa na ofisi yako.

Sasa tufike kwako.

Hapa tulipo ni mahali pa kuonewa wivu. Kuanzia Juni hadi Septemba, masika yakishapita na hewa ikikauka kidogo, kitovu cha njia ya maziwa kinapita karibu na utosi wetu. Waingereza hukiona kikichungulia juu ya paa za majirani kisha kinazama. Sisi kinatupitia juu kabisa. Huko ndiko liliko wingu la gesi liitwalo Lagoon, namba M8 katika orodha ya Charles Messier, na ndilo nililolichagua kwa picha ya kwanza. Nuru yake imesafiri zaidi ya miaka 4,000. Imetoka huko wafalme wa Misri wakiwa bado wanajenga piramidi au wamemaliza juzi, imekatiza anga lote bila kuulizwa kibali, ikaja kufia mita chache juu ya paa langu, kwenye mwanga wa taa yako.

Picha ilitoka rangi ya chai ya maziwa.

Labda utasema niweke chujio. Mheshimiwa, hapo ndipo uliponikata maini. Zamani mtaa wetu ulikuwa na taa za sodiamu, zile za njano. Watu walizidharau, lakini zilikuwa na adabu: mwanga wake mwingi ulikusanyika karibu na rangi moja, nanomita 589, na chujio la bei ya kawaida liliuzuia mlangoni. Ukazing'oa, ukaweka LED nyeupe. Nakubali zinakula umeme kidogo. Ila hizi zinamwaga kila rangi, na ile bluu yake hutawanyika angani kuliko rangi nyingine zote, ndiyo maana hata mbingu ya mchana ni ya bluu. Kwa mawingu ya gesi kuna chujio jembamba linaloruhusu wekundu wa haidrojeni tu, nanomita 656.3, na ukijaliwa na ule wa oksijeni. Linauzwa kwa bei ya pikipiki iliyochoka. Lakini nyota zenyewe, makundi ya nyota na galaksi ziitwazo Mawingu ya Magellan, tulizopewa sisi wa kusini, vyote vinang'aa kwa rangi zote kama taa zako. Chujio la kutenganisha nyota na taa ya barabarani halijaundwa.

Picha za anga, kama hujui, hazipigwi mara moja. Kamera hukusanya fremu za sekunde 60, nyingi, kisha kompyuta inazipandanisha ili chenga zipungue. Hesabu yake ni katili: ukitaka chenga zipungue nusu, ongeza muda mara 4. Na anga linapong'aa lenyewe huleta chenga zake. Kazi inayonichukua usiku mzima Tabata, mtu aliye kwenye giza la hifadhi ya Ruaha angeimaliza akisubiri chakula cha jioni.

Ndipo ninapoukumbuka mgao. Mwaka 2006 tulikaa gizani. Mwaka 2011 tukakaa tena. Giza lilikuwa la bure, nchi nzima, bila foleni, na mimi sikuwa hata na darubini ya kutazamia mpira. Penye miti hapana wajenzi. Leo nimepata darubini, na wewe umepata bwawa.

Ombi langu ni dogo. Sitaki mgao wa zamani, ambao ratiba ilisema hili na swichi ikafanya lile. Naomba mgao wa kitaalamu. Mwezi huandama kila baada ya siku 29 na nusu, hautegemei kikao cha bodi wala mvua za Morogoro, kwa hiyo ratiba inaweza kutolewa hata miaka 50 kabla. Wavuvi wa dagaa wanaitumia tangu zamani, maana wanajua kwenye mbalamwezi karabai haina kazi. Chukua kalenda yao. Zima siku mbili au tatu za giza kila mwezi, Juni hadi Septemba, saa 3 usiku hadi saa 8. Hospitali ziachwe, pampu za maji ziachwe, friji la jirani mwenye samaki nalo liachwe, kwa usalama wangu.

Na ukishazima, tafadhali usirudishe kabla ya muda. Unajua umeme ukirudi mtaa mzima hupiga vigelegele, watoto wanatoka mbio, mtu anaongeza sauti ya redio. Katika furaha ile yote kuna bwana mmoja juu ya paa anayefunika uso kwa sababu fremu ilikuwa katikati. Nisingependa nijulikane.

Utaniambia giza ni la wezi. Hoja hiyo naiheshimu, ila njoo nikuonyeshe nguzo ya kwetu. Taa yake imeinamishwa kiasi kwamba nusu ya mwanga unakwenda mbinguni na robo inakuingia machoni. Ukipita chini yake huoni kitu hatua tano mbele, na nyuma ya ukuta pana kivuli cheusi ambacho mwizi mwenye akili angelipia kodi. Jirani naye ameweka taa kubwa ya ulinzi, ameielekeza juu. Inalinda popo. Kituo cha mafuta cha kona kinawaka usiku kucha, pampu zimefungwa, mlinzi amejifunika kofia usoni apate usingizi.

Huu mwanga wa juu mnaununua. Umetoka Rufiji, umepita kwenye nyaya kilomita kwa kilomita, umelipiwa, kisha umetumwa kuangazia tumbo la wingu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2023 katika jarida la Science, uliotumia macho ya wananchi wa kawaida walioripoti nyota walizoziona kati ya 2011 na 2022, ulikuta anga la usiku linaongezeka mwanga kwa wastani wa asilimia 9.6 kila mwaka. Waandishi wake walipiga mfano: mtoto akizaliwa mahali panapoonekana nyota 250, akifikisha miaka 18 atahesabu 100. Kwa Tabata mfano huo ni wa kutuliza moyo. Sisi 250 tungeziita anasa.

Wapo waliowahi kupata aibu. Flagstaff, mji wa Arizona wenye kituo ambako Pluto iligunduliwa mwaka 1930, walipitisha sheria ndogo mwaka 1958 kuzuia kurunzi za matangazo zinazopiga angani. Mji haukuibwa. Namibia, eneo la NamibRand lilitambuliwa mwaka 2012 kama hifadhi ya anga la giza, na watu wanapanda ndege kwenda kulala huko ili wasione taa. Wanalipa fedha za kigeni, Mheshimiwa, kwa bidhaa ambayo sisi tuliigawa bure tukaiita kero.

Wala usiseme Watanzania hawapendi mambo ya anga. Septemba 1, 2016, jua lilipopatwa kwa pete, watu walimiminika Rujewa kule Mbarali kutazama. Tulishangilia jua kufifia mchana, tena siku ya kazi. Sioni kwa nini giza la usiku, likiwa mahali pake, tulichukulie kama hitilafu.

Kama mgao utakuwa mzito kisiasa, na naelewa unaweza kuwa, basi ninalo ombi la akiba. Zivalishe taa kofia. Ni bati tu, linalozuia mwanga usipande na kuushusha barabarani waliko waenda kwa miguu. Ukiweza, chagua balbu za rangi ya joto badala ya zile za kiweupe cha mochwari. Na baada ya saa 6 usiku, wakati barabara ina mbwa wawili na bodaboda moja, zipunguze ukali. Utaona mwanga unaongezeka chini na bili inashuka, jambo ambalo najua litahitaji kamati.

Nimeambatanisha picha moja ya ushahidi. Si ya Lagoon. Ni ya taa yako ya nguzo ya tatu kutoka dukani, iliyopigwa kwa darubini mpya kutoka kwangu darini. Imetoka safi ajabu: wadudu wanahesabika, namba ya nguzo inasomeka, na pembeni mwa taa hakuna zambarau hata chembe. Ikikusaidia kujua ni ya ofisi gani, tafadhali nijulishe.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwananchi mwenye bomba jeupe,
Tabata.

Nakala: Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa, ambaye bado anaamini bomba hilo ni dishi la mechi za Ulaya na ameomba kuwekewa na yeye.