Nshomile, Jigambe kwa Haki: Sehemu Saba za Bukoba na Muleba

Utani unajulikana nchi nzima: ukikutana na Mhaya, shahada zake utazijua kabla ya jina lake. Haya, nshomile, yaani "nimesoma", tumekusikia. Lakini shahada hata Wachaga wanazo. Yapo mambo ambayo hakuna chuo kinachoyatunuku, na mengi yamejificha vijijini kwetu, kando ya njia tunazopita mbio kuwahi misiba na harusi. Tunahesabu kurudi nyuma, kuanzia la saba. Mwenye kubisha aje na orodha yake, na senene wa kukaanga mkononi.

7. Kisiwa cha Musira

Kiko mbele ya mji wa Bukoba, majabali yameinuka juu ya maji, wavuvi wanaishi huko. Ukisimama ufukweni huhitaji miwani kukiona. Muulize mwenyeji ameshakwenda mara ngapi, atakuonyesha uzuri wa ziwa ili mbadilishe mazungumzo.

6. Bukoba mjini

Kituo cha Wajerumani kilianzishwa hapa mwaka 1890 na Emin Pasha. Huyu alizaliwa Eduard Schnitzer, akasomea udaktari, akajipa jina la Kituruki, akawa gavana wa jimbo la Ikweta lililokuwa chini ya Misri, ndipo akatufikia. Kumbe hata kuanzishwa tulianzishwa na mtu mwenye wasifu mrefu!

Juni 1915 Waingereza walivuka ziwa kutoka Kisumu, wakapigana, wakaangusha mlingoti wa simu ya upepo wa Wajerumani, wakapora mji, kisha wakapanda meli wakarudi walikotoka. Miongoni mwao alikuwemo mwindaji maarufu Frederick Selous, mwenye miaka 63. Wazee wa rika lake kwetu walikuwa na shughuli ya maana zaidi: rubisi, pombe yetu ya ndizi.

5. Kashozi

Mwaka 1892 Wakatoliki na Waprotestanti walipigana Buganda. Askofu Jean-Joseph Hirth na wenzake wa shirika la White Fathers wakashuka kusini, wakafungua misheni Kashozi. Hirth alizaliwa Spechbach-le-Bas, kijiji kidogo cha Alsace, Ufaransa. Vijiji vya kule husifiwa kwa kanisa la kale, jibini, na mzee mmoja anayejua historia yote. Kashozi ina parokia ya tangu enzi hizo, na wazee wanaojua historia yote ni wengi, kila mmoja na ya kwake. Tumepungukiwa jibini tu.

4. Kamachumu

Panda kwenye uwanda wa juu wa Muleba, uvute hewa ya baridi, halafu anza kuhesabu. Rutabo ndiko kulikokuwa makao ya jimbo la Askofu Laurean Rugambwa. Machi 1960 Papa Yohane XXIII alimfanya kardinali, Mwafrika wa kwanza katika zama hizi. Uhuru ulikuja Desemba 1961. Maana yake kardinali tulimpata kabla ya bendera. Walutheri nao hawakulala: wana hospitali yao Ndolage, na Askofu Josiah Kibira wa Bukoba akawa Mwafrika wa kwanza kuliongoza Shirikisho la Walutheri Duniani, kuanzia 1977. Kwetu hata dini zinashindania kufaulu.

3. Katuruka

Hapa, karibu na Maruku, palikuwa na ikulu ya Mkama Rugomora Mahe. Mwanaakiolojia Peter Schmidt aliwasikiliza wazee, akachimba pale walipomwonyesha, akakuta mabaki ya ufuaji chuma wa zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Baadaye wazee wa Kihaya walijenga tanuri la udongo na kuyeyusha chuma mbele yake, kazi waliyokuwa wameiacha tangu ujanani. Mwaka 1978 yeye na Donald Avery waliandika katika jarida la Science kwamba joto ndani ya tanuri hilo lilipita nyuzi 1,800 za Selsiasi. Wazee hawakuwa na cheti cha uhandisi hata kimoja. Nshomile, tafakari.

2. Kashasha

Tarehe 30 Januari 1962, katika shule ya bweni ya wasichana, wanafunzi watatu walianza kucheka. Hadi shule inafungwa Machi 18, wanafunzi 95 kati ya 159 walikuwa wameshikwa. Walirudishwa nyumbani, na ugonjwa ukapanda nao gari: kijiji cha Nshamba peke yake ulishika watu 217. Haikuwa furaha. Walilia, walihangaika, wengine kwa siku kadhaa. Madaktari Rankin na Philip walipima damu na chakula, hawakuona sumu wala kijidudu. Wataalamu wengi leo wanautaja msongo wa mawazo unaoambukizana kwenye kundi. Hakuna aliyekufa, na walimu hawakuguswa. Mwalimu wa Kihaya ana heshima yake, hacheki ovyo.

1. Kibanja chochote

Ndiyo, kile cha kwenu, shamba la migomba la nyumbani. Pwani ya ziwa hupata mvua karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na mvua hiyo imeusafisha udongo mpaka rutuba ikaisha. Ndiyo maana rweya, mbuga za nyasi zilizo katikati ya vijiji, hazitoi kitu cha kujivunia. Rutuba ya kibanja imetengenezwa kwa mikono: samadi ya ng'ombe na nyasi zilizokatwa rweya, kizazi baada ya kizazi, chini ya migomba na mibuni. Baadhi ya wakulima waliolima hivyo walikuwa watwarwa, yaani wapangaji, wakimlipa bwana mwenye ardhi chini ya mfumo wa nyarubanja kwa ardhi waliyoirutubisha wenyewe, mpaka serikali ilipoufuta mfumo huo miaka ya 1960.

Kwa hiyo nafasi ya kwanza haigombaniwi. Likizo ijayo, kabla ya kuwasimulia watoto kuhusu profesa wa ukoo, wapeleke Katuruka, wapitishe Kashozi, kisha wape jembe na samadi wakaanze somo kibanjani.