Jongoo, Mwiko na Ukuta wa Jirani

Masika haya mchicha wangu nyuma ya nyumba hapa Morogoro ulianza kutobolewa. Kila alfajiri nakuta majani yamekuwa chekecheke, na chini yake, akitembea kama mzee anayetoka kufuatilia pensheni, yupo jongoo. Nikamhukumu palepale.

Mke wangu akasema huyo ni tandu. Ikabidi nithibitishe. Tandu amebapa, kila pingili ina jozi moja ya miguu, anakimbia, na sumu yake huisahau. Jongoo ni wa mviringo, pingili nyingi zina jozi mbili, na ukimgusa anajikunja kama dawa ya mbu ya kuchoma. Hayo nayajua leo. Siku ile niliinama nikaanza kuhesabu miguu. Wazungu humwita mwenye miguu elfu, sifa ambayo hakuistahili hadi mwaka 2021, alipotangazwa mmoja wa Australia mwenye miguu 1,306. Wangu nilifika 43, akasogea. Nikamshika ili atulie.

Jongoo hang'ati. Anatoa majimaji ya njano yenye harufu kali, na mimi nikafuta jasho la jichoni kwa vidole vilevile.

Nikiwa nimeinamia bomba, nalia, mke wangu akanimiminia maji kwa kata. "Basi si tandu," akasema.

Vidole vilibaki na rangi ya kahawia siku nne. Kazini wakaniuliza nimeanza lini sigara.

Nikatangaza vita. Usiku, tochi mdomoni, magoti juu ya ubao, nikawa nawazoa majongoo kwa mwiko na kuwarusha ng'ambo ya ukuta. Konokono niliwaona pia, nikawapisha kwa adabu. Mimi mpangaji, namheshimu yeyote mwenye nyumba yake. Wahenga walisema mtupa jongoo hutupa na mti wake, nami huwatii wahenga, hasa mkono ukiteleza. Jongoo wa nane alikwenda na mwiko. Mwiko wenyewe aliuleta mama mkwe siku ya harusi yetu.

Asubuhi bibi wa jirani akaja nao mkononi.

"Mwanangu, kwenu ugali mnasongea nje?"

Nilipomsimulia, alikaa kwanza juu ya ndoo. Jongoo, akaniambia, chakula chake ni kilichokwisha kufa: majani makavu, magogo yaliyooza. Anavisaga vinarudi kuwa udongo. Ningekuwa na viazi vitamu au karanga, au mahindi ndiyo kwanza yanachipua, hapo ningekuwa na haki ya kumshuku, maana huko huingia kweli. Lakini mchicha uliokomaa?

Akageuza jani moja. Utelezi mkavu uling'aa juani, ukashuka kwenye shina, ukapita kwenye tuta mpaka kwenye ule ubao wangu wa kupigia magoti. Akauinua. Konokono kumi na mmoja, wamelala, wameshiba.

Bibi akajipangusa mikono, akaitazama migomba yake ng'ambo ya ukuta.

"Majongoo endelea kuniletea," akasema. "Hawa usinirushie."