Barua ya Wazi kwa Bodi ya Kamari ya Nevada: Nichagulieni Kitufe

Wajumbe,
Bodi ya Udhibiti wa Michezo ya Kubahatisha,
Jimbo la Nevada, Marekani.

YAH: OMBI LA KUCHAGULIWA KITUFE

Waheshimiwa,

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mama wa usafi, zamu ya usiku, katika kasino moja ya hapa Las Vegas ambayo jina lake silitaji kwa sababu mshahara wangu unatoka huko. Nimezaliwa Tanga, nikalelewa kwa kuambiwa kamari ni haramu, na kwa miaka mingi nilizipangusa vioo mashine za sloti bila kuzigusa popote pengine. Aliyenichokonoa ni shoga yangu, Mmombasa, tunafanya naye zamu moja. Kwa kuwa kazini haturuhusiwi kucheza, siku ya mshahara tunavuka barabara, tunaingia kasino ya jirani, kila mtu na dola zake 60, na tunakaa mbele ya Megabucks kama wagonjwa wanaosubiri kuitwa na daktari.

Ugomvi wetu unaanzia hapo, na ndio uliozaa barua hii.

Mnaijua Megabucks kuliko mimi, lakini nitaieleza kwa faida ya watakaosoma nakala. Ilianza mwaka 1986, mwaka mmoja baada ya majirani zenu wa California kufungua bahati nasibu ya jimbo lao. Mashine zilizotawanyika katika kasino mbalimbali za Nevada ziliunganishwa kwa simu, zote zikawa zinajaza chungu kimoja. Jakpoti inaanzia dola milioni 10, na inapanda kila mtu anapobonyeza, mpaka mmoja aibebe. Ile ya jadi, ya dola moja kwa sarafu, inakuruhusu kuweka dola moja, mbili au tatu. Ila jakpoti ni ya aliyeweka tatu. Wa dola moja, hata alama zote zijipange mstari mmoja kama askari wa gwaride, zile milioni hazimhusu.

Waheshimiwa, mambo haya kwetu si mageni. Ndugu akitaka kuoa, kamati ya harusi inakaa na kupanga viwango: kadi ya singo elfu hamsini, kadi ya dabo laki moja. Ukitoa elfu ishirini, mweka hazina ataipokea kwa mikono miwili, atakuandikia “Mungu akuzidishie”, jina lako litaingia daftarini, na kadi hutaiona. Mchele utanunuliwa kwa elfu ishirini yako, mbuzi atachinjwa kwa elfu ishirini yako, na wewe utalitazama pilau kwenye picha za wasapu. Ninasema kwa uchungu kidogo kwa sababu mpwa wangu anaoa Desemba, na kamati yake haina mzaha.

Shoga yangu, na dola yake moja, ni mchangiaji wa elfu ishirini. Kwenye mashine za jakpoti inayopanda, kipande kidogo cha kila dau kinakatwa na kutiwa chunguni, na chungu hakiulizi kama mwenye kipande ana kadi. Tofauti ni kwamba kamati ya harusi ina haya kidogo: haimwiti yule wa elfu ishirini aje akae mlangoni mwa ukumbi kupiga vigelegele.

Nilipomwambia hivyo, alinijibu bila kuyaondoa macho kwenye mashine: “Shoga, mimi sikuja hapa kuolewa. Nimekuja kukaa kwenye kiti laini, kiyoyozi kinanipuliza, na kinywaji naletewa. Dola zangu 60 ni mizunguko 60. Zako ni 20. Dakika chache tu unaanza kunitolea macho na kuniuliza tunaondoka saa ngapi.”

Ni kweli, namtolea macho. Lakini na mimi nina hesabu zangu. Uwezekano wa kuipata jakpoti ya mashine hii hukadiriwa kuwa karibu mmoja kati ya milioni 50. Kwa mizunguko yangu 20, mimi nina nafasi moja kati ya milioni mbili na nusu. Yeye kwa mizunguko yake 60 ana sifuri kamili. Nimemzidi mara ngapi? Mwalimu wangu wa hesabu alitukataza kugawanya kwa sifuri, kwa hiyo naishia hapo, ila moyoni najihesabu tajiri.

Tukaenda kwa fundi wa mashine, mzee mmoja mpole ambaye amezifungua na kuzifunga tangu zilipokuwa zinameza sarafu za chuma. Tulitarajia atoe hukumu. Alichukua karatasi ya kufutia mikono akaandika: tuseme kitufe cha dola moja kinarudisha asilimia 85, na cha dola tatu, kwa sababu kina jakpoti ndani yake, kinarudisha asilimia 90. Kipi bora? Nikaruka: “Changu!” Akaendelea kuandika. Dola moja kwa asilimia 85 inakula senti 15 kila mzunguko. Dola tatu kwa asilimia 90 zinakula senti 30. Ukizungusha mara moja kila sekunde sita, hiyo ni mara 600 kwa saa: mwenye asilimia mbaya anapoteza dola 90, mwenye asilimia nzuri anapoteza 180. Asilimia yangu imenona, mkoba wangu umekonda.

“Sasa tubonyeze kipi?” shoga akauliza.

“Kama hamuwezi dola tatu, tafuteni mashine isiyo na jakpoti ya kupanda,” akasema. “Hapo dola moja haitozwi mchango wa sherehe ya watu wengine.” Kisha akaongeza kwamba zile asilimia alizoandika ni za mfano tu, za mashine yenyewe hawezi kutuambia.

Basi ndipo nikawakumbuka ninyi.

Kanuni ya 14 mnayoisimamia inasema mashine irudishe, kwa hesabu inayoweza kuthibitishwa, si chini ya asilimia 75 kwa kila dau linalowezekana kuchezwa. Tazameni uzuri wa maneno hayo: kwa kila dau. Maana yake kitufe cha dola moja kina asilimia yake, cha tatu kina yake, na zote zimepigiwa hesabu kabla mashine haijatoka kiwandani. Mwenye kiwanda anazijua. Mwenye kasino anazijua. Ninyi mnazijua. Anayenyoosha kidole kubonyeza ndiye pekee aliyeachiwa uhuru kamili wa kuchagua, na uhuru wake haujachafuliwa na taarifa yoyote. Huko Uingereza mashine za namna hii zinatakiwa kumwonyesha mchezaji asilimia inayorudishwa. Ninyi kila mwezi mnatoa ripoti ya wastani wa eneo zima, kwa aina ya sarafu, na ninawashukuru, nimejifunza humo kwamba mashine za senti hula zaidi kwa kila dola kuliko mashine za dola. Lakini wastani wa eneo ni sawa na kumwambia mtu aliyepanda daladala kwamba kwa kawaida madereva wa mkoa huu wana leseni.

Na hizo mashine za senti, Waheshimiwa! Nilidhani ndiko tungeweza kukimbilia. Kwetu mashine ya dubwi ukiitumbukizia sarafu ya mia mbili, inachukua mia mbili. Hapa imeandikwa senti moja, taa zinamulika senti moja, ukikaa unaambiwa dau la chini ni senti 88. Nyingine zina majoka na sanamu za dhahabu, na kila unapoongeza dau, alama moja zaidi inageuka dhahabu na jakpoti moja zaidi inafunguliwa, kama nyumba ambayo kila chumba kina funguo zake na mwenye nyumba anakuuzia moja moja. Kitufe cha chini kabisa pale hakina jina la kuvutia. Kinakaa tu pembeni, kimepauka, kama mtoto wa kambo.

Sitaki mfikiri nawaona wabaya. Najua mnafanya kazi ngumu ya kupima haki. Mwaka 1984 Mnorwe Inge Telnaes alipata hataza ya gurudumu lisiloonekana: jicho linaona vituo 22 kwenye kila gurudumu, lakini kompyuta ndani ina vituo vingi zaidi. Magurudumu matatu ya vituo 22 yanatoa mipangilio 10,648, namba ambayo hata mimi ningeweza kuipigania kwa miaka michache ya mshahara. Wenye kuichambua Megabucks wanasema ndani yake kila gurudumu ni kama lina vituo 368, na 368 mara 368 mara 368 ni karibu milioni 50. Alama ya jakpoti ikawa inapita juu kidogo ya mstari, au chini kidogo, usiku kucha, kama jamaa unayemdai anavyokukwepa. Mwaka 1989 wenzenu wa Tume ya Michezo ya Kubahatisha waliketi kulijadili jambo hili. Wakakataa mashine za kampuni moja ambazo, zikishajua umepoteza, zilikuwa zinachagua kukuonyesha sura ya kukosa kidogo. Zile za gurudumu lisiloonekana, ambazo nazo hukuonyesha umekosa kidogo, zikaachwa ziendelee, kwa kuwa zenyewe hazikukusudia. Nimelisoma hilo mara nne. Mume wangu wa kwanza angelipenda.

Wala sitawakumbusha lile la fundi wenu wa kompyuta, Ronald Harris, ambaye katika miaka ya 1990, akiwa ofisini kwenu na kazi yake ikiwa kukagua mashine, alizitia programu ya siri: ukiingiza sarafu kwa mpangilio fulani, mashine inatema. Alikamatwa baada ya mwenzake kwenda kudai dola 100,000 za keno huko Atlantic City mwaka 1995. Nimelitaja tu kuonyesha kwamba ofisini kwenu aliwahi kuwapo mtu mmoja aliyejua kwa hakika kitufe cha kubonyeza. Kwa hiyo ombi langu si la ajabu.

Shoga yangu huwa ananikumbusha yule kijana wa mwaka 2003. Mhandisi wa programu, miaka 25, kutoka Los Angeles, alikaa kwenye Megabucks pale Excalibur, akaingiza dola mia hivi, akaondoka na dola milioni 39.7. Jina lake hakulitoa, na mimi namwelewa, maana ningekuwa mimi watu wa Tanga wangejua kabla king'ora hakijanyamaza. Lakini nilikaa na karatasi ya fundi nikapiga hesabu. Ukitaka kuzungusha mara milioni 50, moja kila sekunde sita, ni miaka tisa na nusu bila kulala wala kwenda msalani, na dola milioni 150 zitapita mkononi mwako. Jakpoti ikiwa imetoka tu kuanzwa upya, milioni 10, thamani yake katika kila mzunguko wangu wa dola tatu ni senti 20. Hata siku ile ya kijana, ilikuwa senti 79 hivi. Na milioni hizo zote kamili zinalipwa kidogo kidogo kwa miaka 25. Nitakapomaliza kulipwa, huyu mpwa anayeoa Desemba atakuwa anachangisha harusi ya mwanawe.

Nilimwonyesha shoga hesabu hizi. Akazitazama, akasema, “Sasa si bora bahati nasibu?” Ikabidi nimweleze kwamba bahati nasibu ya jimbo haipo Nevada, katiba imeikataza tangu mwaka 1864. Wenyeji wa hapa wakitaka tiketi wanaendesha gari mpaka mpakani, karibu na Primm, wanapanga foleni upande wa California jangwani. Jimbo limejitunza. Jakpoti moja ya mamilioni, inayochangiwa na maelfu ya wasiojuana, na kupata kwake ni bahati tupu, si bahati nasibu ilimradi ina kitufe na kiti.

Wakati nayatafuta hayo ndipo nikagundua kwa nini hamjawahi kutuambia tubonyeze kipi. Ninyi hamchezi dola moja, wala hamchezi dola tatu. Jimbo linatoza kasino kubwa asilimia 6.75 ya kile kinachobaki baada ya washindi kulipwa. Akishinda shoga, akishindwa. Nikibonyeza hiki, nikibonyeza kile. Kijana wa Los Angeles arudi au asirudi, mwisho wa mwezi zinahesabiwa zilizobaki sakafuni, sakafu ambayo naipiga deki mimi, na asilimia zenu zinakatwa. Hicho ni kitufe cha tatu. Hakimeremeti, hakina joka, na sijawahi kuona kikikosa.

Kwa hiyo, Waheshimiwa, naliondoa ombi la awali na kuleta hili: nami nibonyeze hicho. Sihitaji asilimia 6.75, mimi si jimbo. Nitaridhika na robo ya asilimia ya mashine zile ninazozipangusa mwenyewe, safu ya karibu na lifti, kuanzia saa tano usiku hadi saa moja asubuhi. Shoga yangu anaomba apewe safu inayofuata, na anasisitiza kiti kiwe kilekile.

Naomba jibu lije kwa maandishi, kabla ya siku ya mshahara.

Wenu katika ujenzi wa jakpoti,

Mama wa Usafi,
Zamu ya Usiku.

Nakala: Mweka Hazina, Kamati ya Harusi, Tanga. Kwa taarifa, na kwa maelezo ya mchango wangu wa mwezi huu, ambao ni elfu ishirini.