Shangazi wa Mshangano Anajibu: Hilo ni Kabati la Chipsi, Mwanangu

Barua za mwezi huu zimekuja na unyevu. Hapa Mshangano, Songea, watu wamejenga, sebule zimekuwa za kufanyia kikao cha harusi, na kila aliyeweka sofa jipya anataka na samaki wa mapambo. Tangi jipya la kioo bei yake inakata maongezi, basi wanakimbilia lililotumika, na humo ndimo yanapoanzia. Nimejibu zilizosomeka. Nyingine bado zimeanikwa.

*Shikamoo Shangazi. Nilinunua tangi lililotumika kwa jamaa mmoja pale Majengo. Urefu sentimita 90, upana 45, kimo 60. Lina taa ndani, na nyuma lilikuwa na mlango wa kuteleza ambao jamaa aliuziba kwa silikoni. Nililijaza jioni. Saa nne usiku kioo cha mbele kikafyatuka, zulia likaenda, redio ikaenda, na daftari la VICOBA la mke wangu likaenda. Je, maji yetu yana tatizo? – Niliyelowa.*

Marahaba mwanangu, na pole ya zulia. Maji ya Songea usiyasingizie. Uliuziwa kabati la chipsi. Taa ile haikuwekwa kupendezesha samaki, iliwekwa ili chipsi za asubuhi zionekane zimetoka kwenye karai sasa hivi. Ungelinusa kabla ya kutoa hela, ungeyakuta mafuta ya kukaangia kwenye pembe.

Nikupigie hesabu. Vipimo ulivyonitajia ni lita 243, na lita moja ya maji ni kilo moja. Kilo 243 ni pungufu kidogo ya mifuko mitano ya saruji, na hapo hujaweka jiwe hata moja. Kioo cha mbele peke yake kilikuwa kinasukumwa kwa nguvu sawa na uzito wa kilo 162. Kioo cha kabati la chipsi huwa chembamba, milimita 4 au 5, kimewekwa kuzuia nzi. Nzi hasukumi.

Ukirudi sokoni nenda na rula. Pima unene kwenye ukingo wa juu. Tangi dogo la sentimita 60 kwa 30 kwa 30, kioo cha milimita 6 kinatosha. Likifika mita 1.2 na kimo cha sentimita 45, tafuta la milimita 10. Kimo ndicho cha kukiogopa kuliko urefu, maana kimo kikiwa maradufu, msukumo kwenye kioo unakuwa mara nne. Na usijione mjinga peke yako: alfajiri ya tarehe 16 Desemba 2022, tangi la hotelini kule Berlin, lenye lita milioni moja na samaki wapatao 1,500, lilipasuka likamwaga kila kitu hadi barabarani. Lile lilijengwa na wahandisi kwa akriliki nzito. Wewe ulikuwa na mlango wa kuteleza.

Daftari la VICOBA hilo ni la kumwomba mkeo radhi, mimi siingii.

*Habari za leo Shangazi. Mume wangu amepata tangi la mita 1.2 kwa mtumishi anayehamishwa. Muuzaji anaapa halivuji, lakini hataki tulijaze maji kwake, anasema anafunga mizigo. Mume wangu anasema nisimdhalilishe mtu mzima kwa kumpima. Nifanyeje? – Mke wa Mteja.*

Binti yangu, mtu mzima hapimwi, tangi linapimwa. Mwambie mumeo aende na ndoo na mpira wa maji, walitoe nje kwenye sakafu iliyonyooka, walitandikie lile povu gumu jeupe linalokuja ndani ya boksi la televisheni, na chini yake magazeti makavu. Walijaze mpaka juu, wafute kuta zote kwa kitambaa, kisha waliache hadi kesho yake saa hizo hizo. Gazeti likilowa, jibu mmelipata bila kugombana na mtu. Anayefunga mizigo ana kesho. Asiye na kesho anajua kitu kuhusu hilo tangi.

Maji yakiwa yanakaa, mumeo atumie macho. Apitishe ukucha juu ya kila mstari unaoonekana kwenye kioo. Ukucha ukiteleza, ni mchubuko wa kusugulia, aombe apunguziwe bei. Ukinasa, hasa karibu na pembe, aondoke. Kisha aangalie silikoni ya ndani. Ile nzima ni laini na imeshika pande zote. Iliyochoka inabanduka kwa ukucha, na tangi lililokaa kavu juani nyuma ya nyumba kwa muda mrefu huwa hivyo hivyo hata kama kioo kinang'aa.

Hapo atatokea fundi wa kusema "nakupakia nyingine juu yake, elfu tano tu". Mkataeni. Silikoni mpya haishiki juu ya silikoni kuukuu. Inatakiwa ya zamani ikwanguliwe yote kwa wembe, kioo kifutwe kwa spiriti, ndipo ipakwe mpya, na iachwe siku kadhaa ikauke, kwa tangi kubwa wiki nzima. Nayo iwe silikoni tupu, ile inayonuka siki wakati inakauka. Ile ya bafuni yenye dawa ya kuzuia ukungu itaua samaki, nanyi mtamsingizia jirani.

La mwisho, kabla mumeo hajaliweka juu ya stendi ya televisheni: tangi hilo likijaa linakaribia kilo 300 pamoja na kioo na mawe. Stendi ya mbao za unga ikilowa mara moja inavimba. Fundi seremala yupo, mbao za Njombe zipo.

*Shangazi, mambo? Tangi nililonunua lina mistari mieupe na harufu ya dawa. Naliosha kwa sabuni ya unga? – Kijana wa Bombambili.*

Kwanza, shikamoo haijafutwa. Pili, sabuni hapana, inajificha kwenye maungio. Mistari mieupe ni chumvi za maji, isugue kwa siki na kitambaa, suuza sana. Harufu ya dawa ndiyo ya kuulizia. Kama mwenyewe alikuwa anatibu samaki kwa dawa yenye shaba, mabaki yanaweza kudumu kwenye silikoni, na konokono na uduvi hawavumilii. Kama lilitumika kuchanganyia mrututu na dawa nyingine za kahawa huko Mbinga, na nimeshaona vyombo vingi vya kahawa vikirudi mjini na majina mapya, liache huko huko.

Ukishasafisha, maji ya bomba yaache wazi usiku kucha ili klorini itoke. Na usitie samaki kumi siku ya kwanza. Wale bakteria wanaokula uchafu wa samaki huchukua wiki nne hadi sita kujaa.

*Shangazi shikamoo. Nina tangi zima, Mungu ni mwema. Nataka kuchanganya mbuna wa Mbamba Bay, samaki wa dhahabu kutoka Dar na kambale mmoja wa bwawani. Watapatana? – Mpenda Amani.*

Marahaba. Baada ya mwezi utakuwa na kambale mmoja, mnene.

Ila umenigusa pabaya. Mbuna wa Ziwa Nyasa wanafugwa kwenye masebule ya Ulaya na Marekani kwa jina hilo hilo la mbuna, watu wanalipa hela ya maana, na sisi tulio kama kilomita 170 kutoka Mbamba Bay, barabara ya lami hadi ziwani, tunaagiza samaki wa dhahabu wapite Kitonga kwenye mfuko wa nailoni. Mbuna ni mgomvi, mpe mawe mengi na mapango, na mfuge na mbuna wenzake. Kabla ya kwenda kuvua, pita kwa afisa uvuvi uulize kibali. Na umnunulie hita: anataka nyuzi joto 24 hadi 26, na Julai ya Songea unaijua. Hita iliyotumika yenye ukungu ndani ya kioo chake usiichomeke, hata ukipewa bure.

*Shangazi, unaniharibia biashara. Nina tangi lenye ufa kwenye pembe. Nimwambie mteja au ninyamaze? – Muuzaji.*

Mwambie, na uuze kama chumba cha vifaranga. Maranda chini, balbu juu, wavu wa kufunika. Kwa baridi yetu hii kitagombewa. Nina vifaranga ishirini na tano ndani ya boksi hapa jikoni. Niambie bei, na usiniambie ile ya samaki.