Namna ya Kuandika Riwaya ya Uchawi Bila Kutoka Jasho

Anza na cheo, kazi itafuata. Ukiulizwa shughuli yako, usiseme unatunga hadithi. Hata bibi yako alitunga, tena bure. Sema unaandika uhalisia-mazingaombwe, kisha nyamaza, utazame mbali.

Halafu subiri maono. Yakichelewa, agiza kahawa nyingine hapo barazani uwasimulie jamaa jinsi riwaya itakavyowatikisa wakosoaji. Wapo waliokosa subira hiyo. Shaaban Robert alikuwa karani wa serikali ya kikoloni, na hata hivyo alipata nafasi ya kuitundika Kusadikika, nchi nzima, angani. Ngũgĩ wa Thiong'o, alipozuiliwa katika gereza la Kamiti mwaka 1978, aliandika *Shetani Msalabani* kwenye karatasi za chooni. Wewe una simu yenye chaji, meza na feni. Ni haki yako kusubiri.

Usianzie chini pia. Euphrase Kezilahabi alitoa *Rosa Mistika* mwaka 1971, kitabu cha baba mkali, mabinti na mambo ya Ukerewe anayoyatambua kila mtu, na *Nagona* ikaja 1990. Miaka 19 ya nini? Ruka moja kwa moja kwenye *Nagona* yako. Msomaji asipoelewa, umefanikiwa.

Sasa uchawi wenyewe. Hapa kanuni ni kumwaga tu. Bibi apae sura ya kwanza, paka aanze kusema sura ya pili, na shujaa akiishiwa nauli ageuke kunguru. Akitokea mtu wa kuuliza kwa nini kunguru huyo hakuruka tangu mwanzo, mwambie haelewi Afrika.

Jihadhari sana na kitabu cha Shaaban Robert, *Adili na Nduguze*, kitaharibu mkono wako. Mle ndugu wawili wanageuzwa manyani kwa kosa linalojulikana, na Adili anapaswa kuwachapa kila usiku, huku moyo unamuuma, mpaka siri inafika kwa mfalme. Uchawi una sababu, una saa yake, una anayelipa. Umepangwa kama daftari la kodi ya kichwa. Ndivyo wanavyoroga makarani, na ndiyo sababu (tusiwaambie wengine) tunamwamini kila neno.

Gabriel García Márquez wa Kolombia naye ni mfano mbaya. Alisimulia mwenyewe kwamba Remedios, yule mrembo wa riwaya yake ya 1967, alikataa kabisa kupaa mpaka mwandishi alipomwona mwanamke akihangaika kuanika mashuka kwenye upepo. Akampa binti mashuka, binti akaondoka. Mtu aliyesifiwa dunia nzima kwa miujiza alikuwa akitegemea nguo za kufuliwa! Na mswada ulipokamilika huko Mexico, pesa za posta hazikutosha. Yeye na mkewe Mercedes wakatuma nusu kwanza kwa mchapishaji Buenos Aires, kisha wakahangaika kutafuta za nusu iliyobaki.

Kwa hiyo kaa mbali na watu, watakupa mashuka. Mwaka 1995 hofu ya pepo aitwaye Popobawa ilipoingia Pemba na Unguja, wengi walilala nje kwa makundi, moto ukiwaka. Mwandishi msumbufu angeuliza nani alileta mkeka, nani alinyimwa nafasi karibu na moto, majirani waliokuwa hawasemezani walilalaje bega kwa bega. Wewe andika kwamba giza lilikuwa nene. Mkeka hauna hadhi ya fasihi.

La mwisho, wafungie wahusika wako ndani. Ukiwapa njaa yenye jina, viatu vilivyochakaa na swali wanalohitaji kujibiwa, watatoka kitabuni na kukuletea matata. Ngũgĩ alieleza yaliyompata Matigari, mhusika wa riwaya aliyoitoa kwa Kikuyu mwaka 1986. Habari ziliifikia serikali ya Kenya kwamba kuna mtu wa jina hilo anazunguka nchini akiuliza ukweli na haki viko wapi. Amri ikatolewa akamatwe. Polisi walipogundua kwamba anaishi kwenye kurasa, mwaka 1987 walipita madukani wakakamata kitabu.